Bukavu tunampenda daktari, ila kura ya raundi moja haikuulizi unampenda nani

Habari zenu wakubwa. Ndugu yetu wa Mwanza ameuliza swali ambalo naona linazunguka sana tangu matokeo yatoke, kwamba imekuwaje Denis Mukwege, daktari wa hospitali ya Panzi hapa Bukavu, mtu wa Nobel ya Amani ya 2018, mtoto wa Bukavu, agombee urais wa Kongo halafu apate chini ya asilimia 1 ya kura? Na watu wameshamjibu, kuna wanaosema kura zake zimeibwa zote na kuna wanaosema Wakongo hatuna shukrani. Mi ni wa Bukavu, Kadutu, nimezaliwa na kukulia hapa, nafundisha sekondari hapa, napiga kura hapa tangu 2006, na tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023 kura yangu ilienda kwa daktari. Kwa hiyo haya matokeo yameniuma na siwezi kujifanya hayajaniuma, lakini hayo majibu yote mawili nayakataa, na acha nieleze kwa nini, mnivumilie maana itakuwa ndefu.

Tuanze na hesabu zenyewe maana watu wanabishana bila kuziangalia. CENI, yaani tume ya uchaguzi, ya Denis Kadima ilitangaza tarehe 31 Desemba, Mahakama ya Katiba ikathibitisha tarehe 9 Januari 2024: Félix Tshisekedi zaidi ya asilimia 73, Moïse Katumbi karibu na 18, Martin Fayulu kama 5, halafu wengine wote waliobaki wamegawana makombo na daktari yuko kwenye hayo makombo. Waliopiga kura ni kama milioni 18 kati ya karibu milioni 44 walioandikishwa, yaani zaidi ya nusu ya wenye karte ya kuchagua hawakupiga, wengine hawakutaka na wengine walishindwa. Masisi na Rutshuru kule Kivu Kaskazini hawakupiga kabisa sababu ya vita ya waasi wa M23, na Kwamouth kule Mai-Ndombe nao hawakupiga sababu ya wanamgambo wa Mobondo. Hao ni raia kama mimi, na rais aliyechaguliwa ni wao pia, ila sauti yao haimo kwenye hizo asilimia, na hilo mi naliona kubwa kuliko watu wanavyolichukulia.

Sasa la wizi. Sitasema uchaguzi ulikuwa msafi, nani atasema hivyo? CENI wenyewe wamefuta kura za wagombea 82 wa udepite, yaani ubunge, na wa ushauri wa komini, yaani udiwani, kwa udanganyifu, rushwa, na wengine kwa kukamatwa na mashine za kupigia kura ambazo hazikutakiwa kuwa mikononi mwao, na uchaguzi wa wadepite wa Masimanimba na Yakoma umefutwa mzima. Waangalizi wa makanisa, CENCO na ECC, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, waliandika kasoro nyingi na wakasema kuna sehemu zinaweza kuharibu ukweli wa matokeo. Lakini hao hao, kwa hesabu yao wenyewe waliyofanya pembeni, walisema kuna mgombea mmoja amewaacha wenzake mbali akiwa na zaidi ya nusu ya kura. CENCO mnakumbuka kwenye uchaguzi wa 2018 walisimama wakasema takwimu zao hazilingani na zilizotangazwa na CENI ya wakati ule, kwa hiyo hawaogopi kusema. Safari hii hawajasema hivyo. Wizi unaweza kueleza kiti cha mdepite fulani, unaweza kueleza kwa nini 73 na isiwe 60 na kitu, ila hauelezi jinsi mtu anayejulikana dunia nzima alivyokosa hata kura 1 katika kila 100.

Na mi sijasoma tu haya kwenye simu, nilikuwepo ndani. Siku ile nilifika shule ya msingi ninayopigiaga kura mapema, biro, yaani chumba cha kupigia kura, ikafunguliwa wamechelewa sana, mara orodha hazijabandikwa, mara mashine haiwaki wanatafuta betri nyingine, watu wamejaa uani jua linachoma, wamama wamekaa chini kwenye vitenge. Shida nyingine ilikuwa karte. Ninyi wa nje mjue kwamba karte ya kuchagua kwetu ndo kitambulisho, ndo unasafiria, ndo unapokelea pesa, na hizi za 2023 wino wake ulianza kufifia miezi michache tu baada ya kuzipata, yangu hadi leo ukiitazama unaona nywele na kola ya shati, uso hamna. Sasa fikiria mama mzee anampa yule kijana wa biro karte ambayo imebaki nyeupe, kijana anaigeuza kwenye mwanga, anaigeuza tena, nyuma yake foleni inapiga kelele. Wengine walirudi nyumbani hivyo hivyo na hawakurudi tena.

Mi nilipiga jioni. Unagusa kwenye kioo picha ya unayemtaka, unaanza na rais, halafu mdepite wa taifa, halafu wa jimbo, halafu mshauri wa komini, mashine inatoa karatasi imeandikwa uliowachagua, unaikunja, unatumbukiza. Wakati wa kufunga rais wa biro akachagua wapiga kura wachache wanaojua kusoma na kuandika wabaki kushuhudia kuhesabu, sheria inataka hivyo, nami akanishika mkono, nikabaki. Umeme hakuna, tukahesabu kwa tochi za simu. Mmoja anafungua karatasi anasoma kwa sauti, anawaonyesha mashahidi wa wagombea, mwingine anaweka mstari kwa chaki kwenye ubao wa darasa. Ishirini. Ishirini. Tatu. Ishirini. Hiyo ishirini ni namba ya Tshisekedi, tatu ni Katumbi. Kila jina la daktari lilipotoka yule dada wa chaki alikuwa anageuka kutazama karatasi mwenyewe kabla hajaweka mstari, na mashahidi wa wagombea wengine hakuna aliyepinga hata mara moja, mmoja akasema "weka mama, huyu ni wetu." Wakaweka mistari yake yote ilivyo. Ilikuwa michache. Hakuna aliyemwibia daktari kwenye biro ile, nimesimama pale hadi karatasi ya matokeo imebandikwa mlangoni, watu wa kata yangu mwenyewe, ambao najua wanampenda, hawakumpigia. Nilitembea kurudi nyumbani usiku ule natafuta kuelewa, na haya yanayofuata ndo nimeelewa hadi sasa baada ya kuongea na watu wengi.

Wale wa "Wakongo hawana shukrani", naomba mkumbuke mwaka 2012 mwezi wa kumi watu wenye silaha walipoingia nyumbani kwa daktari hapa Bukavu, mlinzi wake akauawa, yeye akapona kwa Mungu tu akakimbia nchi pamoja na familia. Ni nani aliyemrudisha? Ni wamama wa Kivu waliouza mananasi na vitunguu wakakusanya pesa ya tiketi yake ya ndege, wamama wenyewe wanaoishi kwa franka ya siku. Aliporudi Januari 2013 barabara ya kutoka Kavumu kwenye uwanja wa ndege hadi mjini watu walijipanga pembeni, mi nilikuwepo, sijawahi kuona mji huu umejaa furaha namna ile kwa ajili ya mtu mmoja. Nenda Panzi leo uulize nyumba kwa nyumba nani ana ndugu aliyehudumiwa pale. Mji huo huo ndo umepiga ishirini. Kwa hiyo mapenzi yapo na hayajapungua, tafuta sababu kwingine.

Sababu mi nimeipata kwa shangazi yangu. Shangazi anauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, soko la Nyawera, na miaka ya nyuma alipojifungua vibaya Panzi ndo walimfanyia upasuaji, akapona, na jina la daktari kwake hulisemi vibaya ukabaki salama. Jioni ya Noeli tumekaa kwake nikamuuliza, shangazi ulimpigia nani. Akasema ishirini, bila kuinamisha macho. Nikamwambia shangazi, wewe? Akanijibu, naandika kama alivyosema: "We mutoto, docta ni wetu. Akikosa kiti, kesho iko pale Panzi, nitamukuta pale pale. Lakini kura iko moja. Nikiipana kwa docta, na watu ya ngambo ingine hawamupe, inaenda bule, na ule mwengine hatumujue anaweza pita katikati. Nani atasimamisha vita?"

Nimelirudia hilo jibu kichwani mara nyingi. Mama hajasoma mambo ya siasa lakini amefanya hesabu ambayo mfumo wetu unamlazimisha kila mpiga kura aifanye. Uchaguzi wetu wa rais ni raundi moja, anayeongoza hata kwa kura moja ameshinda, basi. Haukuwa hivyo mwanzo. Katiba ya 2006 ilitaka zaidi ya nusu, ukikosa mnarudi wawili wa kwanza. Mwaka 2006 nilipiga kwa mara ya kwanza maishani na naikumbuka raundi ile ya Julai, watu walipiga kwa moyo kabisa, Joseph Kabila akapata karibu asilimia 45, Jean-Pierre Bemba 20, na mzee Antoine Gizenga, mtu wa enzi za Lumumba, akapata 13. Hao waliompigia Gizenga hawakutupa kura! Ile 13 ilikuwa na uzito, Kabila akamtafuta mzee wakakubaliana, raundi ya pili Oktoba Kabila akashinda kwa 58, na Gizenga akawa waziri mkuu. Unaona? Mtu alipiga anayempenda, halafu baadaye akapiga anayeona anafaa kati ya wawili, na penzi lake la kwanza lilihesabiwa na likaleta kitu.

Januari 2011, miezi michache kabla ya uchaguzi, Bunge likabadilisha kifungu cha 71 cha katiba, raundi ya pili ikafutwa. Tangu hapo angalieni. Novemba 2011 Kabila akashinda kwa karibu 49. Mwaka huo Vital Kamerhe, naye mtoto wa Bukavu, alipata kama 8 nchi nzima, na sisi huku tulimpigia sana tukijua, ila ile 8 ikabaki namba kwenye karatasi, hakuna raundi ya kwenda nayo kuomba chochote. Somo hilo watu wa hapa hawakulisahau. 2018 Tshisekedi akatangazwa mshindi kwa asilimia 38 na nusu, kwa hesabu ya CENI yenyewe, achana na ugomvi wa Fayulu, yaani hata ukikubali hizo namba zote zilivyo, zaidi ya watu 6 katika kila 10 waliopiga kura walitaka mtu mwingine. Ukiishi chini ya mfumo huo miaka 12 unajifunza kuuliza "nani ataweza kushinda" kabla ya kuuliza "nani anafaa". Shangazi yangu amejifunza. Kata yangu yote imejifunza.

Halafu kuna vita, na hapa watu wa mbali mnaelewa nusu. Bukavu unasimama Muhumba unaona Rwanda ng'ambo ya Ruzizi, unaona nyumba, unaona magari yao yanapanda kilima. Mwaka 2004 mwezi wa sita waasi wa Nkunda na Mutebutsi waliuchukua mji huu, nilikuwa kijana, na waliokuwepo zile siku hawahitaji kuelezwa chochote. Wakati wa uchaguzi M23 walikuwa Masisi na Rutshuru, wamezunguka Goma, na mtu wa Bukavu alipoamka aliuliza kwanza habari za Sake, mji wa karibu na Goma, kabla ya habari za bei ya unga. Ndani ya hofu hiyo rais Tshisekedi anasimama Kinshasa tarehe 18 Desemba, siku ya mwisho ya kampeni, anasema wakithubutu tena ataita Bunge atangaze vita na Rwanda. Na kampeni nzima alikuwa akiwaita wapinzani wake wagombea wa wageni. Maneno hayo kwa mtu mwenye hofu yanaingia. Mi nasikitika hapa kabisa kwa sababu katika wote waliogombea hakuna aliyeisema Rwanda kwa muda mrefu kama daktari, hakuna aliyeibeba ile ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 kuhusu mauaji ya 1993 hadi 2003 akazunguka nayo dunia nzima akidai mahakama, amefanya hivyo wakati wakubwa wa Kinshasa wamenyamaza, ametishiwa maisha kwa ajili hiyo. Lakini daktari anadai haki na mahakama, na mtu ambaye mtoto wake analala na viatu miguuni akisubiri kukimbia anataka kusikia habari ya mizinga. Siwezi kumlaumu huyo mtu. Siwezi kumlaumu shangazi.

Mengine nitayapita haraka. Daktari alitangaza kugombea tarehe 2 Oktoba, uchaguzi Desemba 20, nchi ina kilomita za mraba milioni 2 na zaidi, barabara hakuna, huko Kasaï na Équateur wangemjua saa ngapi. Wagombea udepite wa taifa walikuwa zaidi ya 25,000, na hao ndo wanaopiga kampeni ya rais mtaani kweli kweli, wanagawa tishati, wanalipa motari, wale waendesha pikipiki, wapige honi, na kwa mtaa wetu sikuona hata mmoja aliyeweka picha yake pamoja na ya daktari, karibu wote walikuwa na picha ya ishirini, hata wale ambao jioni tukikaa tunaongea wanamsifu daktari. Kamerhe mwenyewe safari hii alikuwa na Tshisekedi, na Kamerhe hapa ana watu. Halafu wapinzani walikutana Pretoria katikati ya Novemba kutafuta mgombea mmoja, wakarudi bila jina moja. Matata Ponyo akajitoa kwa ajili ya Katumbi, Kikuni na Diongo wakajitoa, Sesanga akajitoa, Fayulu na daktari wakabaki kila mtu peke yake. Tangu siku hiyo watu wa Bukavu walishajua mwisho wake, usidhani mpiga kura haoni, anaona mapema kuliko wanasiasa.

Najua kuna mtu atasema mbona Tshisekedi amepata 73, hata raundi ya pili ingekuwepo angemaliza ya kwanza, unalalamika nini. Ni kweli kwa hizo namba angemaliza. Ila hizo namba zenyewe zimezaliwa na raundi moja, ndo ninachojaribu kusema tangu juu. Mpe shangazi yangu raundi mbili, mwambie mama usiogope, piga unayempenda kwanza na kama hakuna aliyefika nusu utarudi kuchagua kati ya wawili wa juu, unafikiri atapiga nani? Nilimuuliza pale pale. Akasema "kwanza docta, ni wazi." Wangapi wako kama yeye mi siwezi kujua, na sisemi daktari angekuwa rais, la. Nasema tungejua ukweli wa ana watu wangapi, na rais aliyepo angejua pia kwamba Bukavu ilimpa kura baada ya kufikiria mwingine, angekuja kutuongelesha. Sasa hivi Kinshasa wanasoma matokeo ya Kivu Kusini wanasema hawa ni wetu moja kwa moja, barabara zao zinaweza kusubiri. Na daktari naye anasomwa na dunia kama mtu aliyekataliwa nyumbani kwake. Yote mawili ni uongo, na hakuna mtu aliyeukusudia huo uongo, umetengenezwa na kifungu kimoja cha katiba.

Waliofuta raundi ya pili walisema ni gharama na inagawanya nchi. Gharama naikubali, hata raundi moja tumeona vifaa vinafika kwa kuchelewa na kura inaendelea hadi siku za mbele. Na la kugawanya pia halikutoka hewani, Agosti 2006 Kinshasa walipigana kwa risasi walinzi wa Kabila na wa Bemba siku matokeo ya raundi ya kwanza yalipotoka, na kura za pili zilikata nchi vipande viwili, mashariki huku na magharibi kule. Ila nijibuni, 2011 na 2018 kwa raundi moja damu haikumwagika? Watu walikufa. Ndugu wa Mwanza, hata ninyi kwenu sharti la zaidi ya nusu liliondolewa mwaka 2000, Wakenya wao wanataka nusu jumlisha moja na robo ya kura katika kaunti 24, na Kenya ni jirani tu, wana umaskini wao na ukabila wao kama sisi. Kwa hiyo inawezekana kulipia.

Wengi hapa mtaani wanadhani hili haliwezi kuguswa, wanachanganya na kifungu cha 220. Kifungu cha 220 kinafunga idadi na urefu wa mihula ya rais, pamoja na mambo mengine machache, hayo hayaguswi. Idadi ya raundi haimo. Ilifutwa na Bunge, Bunge hilo hilo linaweza kuirudisha. Na kifungu cha 218 kinasema anayeweza kuleta pendekezo la kubadili katiba ni rais, au serikali, au nusu ya wajumbe wa moja ya mabunge mawili, au raia 100,000 waliotia sahihi ombi na kulipeleka kwenye mojawapo ya mabunge hayo. Raia 100,000. Mi niliisoma mara mbili kuhakikisha. Kadutu, Ibanda na Bagira peke yake watu wako zaidi ya hao mara nyingi.

Nimeanza kuongea na walimu wenzangu na wanasheria wawili watatu ninaowafahamu kuhusu namna ombi hilo linavyoandikwa, na swali kubwa walilonirudishia ni kama wabunge hawa wapya, ambao karibu wote wameingia chini ya mwavuli wa Union Sacrée, muungano wa rais, watakubali kulipokea, na kama ukifungua kifungu cha 71 wenye tamaa hawataitumia nafasi hiyo kuchokoza na 220. Hofu hiyo ni ya kweli na mi bado sina jibu lake la kuniridhisha. Rais alikula kiapo tarehe 20 Januari 2024 pale Stade des Martyrs, uchaguzi mwingine ni 2028, muda upo wa kulifanya taratibu bila haraka ya mwaka wa uchaguzi kama ile ya 2011. Wana Lubumbashi mliompigia Katumbi, na ninyi wa Goma, naomba mseme kama huko kwenu kuna watu wa kuanza nao, na mwenye uzoefu wa kukusanya sahihi za raia kwa jambo lolote aniandikie ilikuwaje, hasa upande wa kuthibitisha sahihi za watu ambao karte zao zimefutika.